Pesa za Korosho za 2018: Nani Alilipwa, Nani Alisubiri?

Mtajie mwanafunzi yeyote anayetoka Newala au Masasi msimu wa 2018/19, ataguna kwanza kabla ya kujibu. Wengi wetu tulikuwa sekondari mwaka ule, na ada zilikuwa ndani ya magunia.

Kilichotokea ni hivi. Msimu wa nyuma yake kilo ya korosho ilikuwa imevuka shilingi 4,000. Oktoba 2018 minada ikafunguliwa kwa bei za chini sana na wakulima wakagoma kuuza. Tarehe 12 Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kilo, na malori ya JWTZ yakaja kuzisomba. Hapakuwa na mafuriko wala ukame, lakini kwa mkulima ile ilikuwa pesa ya kuokolewa na janga. Janga lenyewe lilikuwa bei.

Sasa, ukisema serikali inalipa wakulima, lazima mtu aulize: mkulima ni nani? Hapo ndipo uhakiki ulipoingia. Pesa zilikuwa ziende kwenye akaunti ya mkulima mwenyewe, na aliyepeleka zaidi ya kilo 1,500 ilibidi shamba lake likaguliwe kwanza. Aliyekuwa anatafutwa ni kangomba, yule anayepita vijijini miezi ya njaa, ananunua korosho kwa kipimo na kwa bei ya kutupa, tena mara nyingi zikiwa bado mtini, halafu anazipeleka ghalani kama zake.

Nia ilikuwa nzuri, sibishi. Lakini uhakiki ulipima shamba na jina, na maisha ya kule hayakai hivyo. Chukua ndugu watatu wasio na akaunti benki. Wanapima chama cha msingi kwa jina la kaka yao mwenye akaunti. Kila mmoja ana kilo 600, jumla 1,800. Tayari kaka ni mtu wa kukaguliwa, na wote wanne wanasubiri. Au aliyekodi mikorosho ya mwenzake: korosho anazo, shamba hana. Na tusisahau kwamba kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao ukoo kwa asili huhesabiwa upande wa mama, kwa hiyo shamba linaweza kujulikana kuwa la mjomba huku anayepalilia na kupulizia salfa ni mpwa. Mkaguzi akifika, aonyeshwe nani?

Halafu huyo kangomba si mgeni aliyeshuka na basi la Mtwara. Mara nyingi ni jirani, mwenye duka, wakati mwingine hata mwalimu (naam, sisi tunaosomea ualimu tujiangalie). Ndiye anayekopesha unga mtoto anapoumwa na benki imefungwa. Watu humlaani Novemba na kumfuata Julai.

Malipo yalivuka mwaka, yakaingia 2019. Aprili mwaka huo Rais alipozuru Mtwara aliwasamehe kangomba, akaagiza nao walipwe. Kwa hiyo aliyenunua kwa kipimo akapata njia ya kuifikia ile 3,300. Yule aliyemuuzia korosho zikiwa bado mtini, mwenye shamba hasa, hakuwa na gunia ghalani, wala jina lake halikuwa kwenye orodha yoyote ya kuhakikiwa.