Kigoda Kinachopumua

Jumapili ndiyo siku kuu ya soko la Kibuye hapa Kisumu. Anayetaka kuona taka iliyopata kazi asiende mbali; asimame tu mbele ya muuza mahindi. Chombo anachopimia ni gorogoro, mkebe wa kilo mbili ambao zamani uliuzwa na mafuta ya kupikia ndani yake. Mafuta yaliisha, rangi ikachujuka, mkebe ukabaki. Leo bei ya mahindi hutajwa kwa gorogoro, jikoni na hata kwenye majukwaa ya siasa. (Ukinunua, kagua kitako chake kwanza. Kuna wanaokigonga kiingie ndani ili punje zipungue.)

Tembea kidogo, utakuta viatu vya akala vilivyokatwa kutoka matairi yaliyochakaa, na koroboi zilizolehemwa kutoka mikebe. Mama anayepita na beseni la dagaa wa omena kichwani ameliegemeza juu ya ngata ya matambara. Nyuma ya nyumba nyingi za ufuoni, wavu uliochakaa umezungushiwa kitalu cha sukuma wiki ili kuku wasiingie. Hakuna anayeviita vitu hivi sanaa, wala hakuna aliyevifanyia semina.

Nimevitaja kwa sababu siku hizi nikialikwa kuona kazi za mikono za kutumia taka, mara nyingi naonyeshwa maua ya mirija ya soda na chupa zilizopakwa rangi ya dhahabu. Yanapendeza siku ya kwanza. Mwezi wa tatu yamejaa vumbi, na hakuna anayeyaosha. Kwangu mimi, pambo lisilo na kazi ndani ya nyumba ni taka iliyoahirishwa.

Nami nilijifunza hilo kwa aibu. Nilitengeneza kigoda cha chupa za soda za lita mbili: moja katikati, 6 kuizunguka, 12 nje, jumla 19. Zikipangwa hivyo hubanana zenyewe na kutoa umbo la pembe sita. Nikazifunga, nikaweka kadibodi juu na chini, sponji, kisha kitenge chenye maua makubwa. Kilipendeza kweli. Shangazi yangu alipokuja kutoka Seme, nikamkaribisha hapo. Aliketi, kigoda kikatoa mlio mrefu.

“Nyathina, mwanangu,” akasema bila kuinuka, “kiti chako kinapumua.”

“Ni zile chupa, waya,” nikajibu, maana kwetu shangazi huitwa waya.

“Basi zifundishe adabu mbele ya wageni.”

Kosa lilikuwa kuacha chupa zikiwa tupu. Hewa ilitafuta njia kupitia vifuniko vilivyolegea, chupa zikabonyea, kigoda kikainama upande. Dawa ni kuzijaza, na cha kujazia ndicho kilichonifumbua macho. Chupa ya plastiki ina mnunuzi: wapo wanaoziokota na kuziuza kwa kilo. Mifuko ya mkate na karatasi za biskuti hazina wa kuziuliza. Huishia mtaroni, na mvua ikinyesha mtaro huzipeleka ziwani. Hizo ndizo za kushindilia ndani ya chupa. Zisafishe, zianike zikauke kabisa, maana unyevu huleta harufu. Zishindilie kwa mpini wa mwiko mpaka chupa isibonyee hata ukiikanyaga. Chupa moja humeza takataka nyingi kuliko utakavyodhani, kwa hiyo usitarajie kumaliza kigoda kwa wiki moja. Kamba ya kufungia usinunue. Nenda kwa fundi baiskeli, mwombe tyubu kuukuu, uikate vipande virefu. Inavutika, kisha inakaza. Vipande vya kitenge vimejaa chini ya cherehani ya fundi nguo yeyote. Tahadhari moja tu: chupa au mkebe wa dawa ya wadudu usiuguse kwa kazi yoyote ya nyumbani, hata ukiuosha mara kumi.

Ziwa lenyewe nalo lina taka yake. Gugumaji, mmea wa Amerika Kusini, lilianza kuonekana upande wetu wa Ziwa Victoria karibu na mwaka wa 1990, na tangu hapo limekuwa likija na kuondoka na upepo. Kuna asubuhi mvuvi wa ufuo wa Dunga huamka akakuta kijani kitupu mahali palipokuwa na maji, na mashua haitoki. Kikundi cha Zingira cha hapa Kisumu kimelitumia gugu hilo kutengeneza karatasi, kadi, vikapu na samani. Wageni hudhani ufundi huo ulizuka juzi, lakini mikono ilikuwa tayari. Watu wa ufuo huu wamesuka mikeka na vikapu vya mafunjo vizazi na vizazi. Gugu lilipofika, lilikuta vidole vinavyojua la kufanya.

Kazi yenyewe si nyepesi. Huchaguliwa mabua marefu, hukatwa mizizi na majani, huoshwa, kisha huanikwa juani. Zaidi ya asilimia 90 ya bua bichi ni maji, kwa hiyo mkokoteni mzima ukikauka hukupa mzigo wa kukumbatia tu. Mvua ikikunyeshea kabla halijakauka, ukungu hulimaliza. Likikauka vizuri hulainika, husukwa kama nywele, halafu misuko hiyo huzungushwa kwenye fremu ya mbao au chuma. Anayepunguza bei ya kikapu kwa kusema “si ni gugu tu” angepewa bua moja alisuke, kisha aulizwe bei upya. Lakini tusidanganyane: vikapu havitalimaliza gugumaji. Linazaliana upesi mno. Kinachopungua ni kero katika mfuko wa msusi, na hilo si dogo.

Samaki naye hatupwi. Viwanda vikishakata minofu ya mbuta kwa soko la nje, mifupa na vichwa huenda mtaa wa Obunga, ambako akina mama huvikaanga na kuviuza kwa jina la mgongo wazi. Ngozi ndiyo iliyokuwa ikikosa mwenyewe. Mkemia Newton Owino wa hapa Kisumu aliichukua akaigeuza kuwa ngozi ya viatu na mikoba. Alama za magamba hubaki juu yake, na hakuna vipande viwili vinavyofanana. Ukiivaa, hunuki samaki. Hilo ndilo swali la kwanza la kila mtu.

Aliyewahi kudhani haya ni mambo ya jikoni tu angekuwepo Kisumu Machi 2021, jahazi la Flipflopi lilipoanza safari yake ya ziwani. Liliundwa Lamu na fundi Ali Skanda na wenzake kwa takriban tani 10 za plastiki iliyookotwa, likashushwa majini 2018. Urefu wake ni kama mita 9, na rangi zake za madoadoa zinatokana na patipati 30,000 hivi zilizookotwa ufuoni. Watu walilipiga picha kwa ajili ya rangi hizo. Mimi niliona fahari katika jambo jingine: lilikuwa linaelea.

Kigoda changu nilikifumua, nikakijaza upya kwa muda wa miezi miwili. Shangazi aliporudi alikikagua pande zote, akakibonyeza kwa ngumi, akaketi kwa tahadhari. Kimya. Hakusema neno, ila alipoondoka aliondoka nacho. Sasa kiko Seme, nje ya jiko lake, na huketi juu yake jioni akichambua mboga ya apoth.