Harambee ya Elimu Irudishwe kwa Wenyewe

Uwanja wa shule hubadilika sura siku ya harambee. Mahema husimamishwa tangu alfajiri. Nyuma ya madarasa, kina mama wa chama huwa wamekwisha kuinjika sufuria za pilau na chai, huku vijana wakipanga viti vya plastiki vilivyoazimwa kanisani. Mbele kabisa huwekwa meza moja, na juu yake kitabu cha risiti, kalamu, na simu ya kupokea michango ya M-Pesa. Hapo huketi mweka hazina pamoja na karani wake, na macho ya kijiji kizima yakiwaelekea.

Siku yenyewe ni kilele tu cha kazi ya wiki nyingi. Kamati huwa imeundwa na kadi za mchango kugawanywa kwa koo, makanisa, misikiti, vyama vya akiba, walimu na waendeshaji boda boda. Jamaa walio Nairobi na Mombasa hupigiwa simu, na walio Doha au Riyadh hukumbushwa katika kundi la WhatsApp. Siku ikifika, asiye na pesa huleta mali. Jogoo hunadiwa, na aliyemnunua humrudisha anadiwe tena. Mkungu wa ndizi na trei ya mayai huuzwa kwa bei ambayo sokoni ingeshangaza. Kisha majina husomwa, kila jina na kiasi chake: ajuza aliyetoa shilingi hamsini hutajwa kwa sauti ile ile anayotajiwa mwenye duka aliyetoa elfu tano. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na hapo kauli hiyo hutendwa mbele ya mashahidi.

Mazungumzo yetu kuhusu mikutano hii huishia kwenye jumla ya pesa zilizopatikana. Mimi naona jambo kubwa zaidi liko mezani kwa mweka hazina. Anayechanga shilingi yake kujenga darasa au kumlipia karo mtoto wa jirani hupata hapo hapo haki ya kuuliza: pesa zimekwenda wapi, zimetumiwa na nani, darasa limefika kiasi gani? Wakenya wengi walijifunza kumwuliza kiongozi swali la pesa kwenye harambee ya shule kabla ya kuona katiba mpya au kusikia habari za bajeti ya kaunti. Haki hiyo ya kuuliza ndiyo mali yetu ya thamani zaidi katika desturi hii, na ndiyo tunayonyang'anywa kila mgeni mwenye bahasha nene anapokabidhiwa kipaza sauti.

Shule zilizojengwa kwa mikono ya wazazi

Mnamo Juni 1, 1963, siku ya Madaraka, Jomo Kenyatta alilifanya neno Harambee kuwa wito wa taifa, na likaandikwa katika nembo ya nchi. Lakini desturi ya wananchi kujijengea shule ilikuwa na miaka mingi. Katika miaka ya 1930, wazazi wa Kikuyu waliokuwa wamekosana na wamishonari walianzisha shule zao huru, wakazilipia wenyewe. Mwaka 1939 walifungua chuo cha ualimu huko Githunguri chini ya Mbiyu Koinange, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo. Michango ilikusanywa kwa marika, na wanawake wakajipanga kuchangia bweni la wasichana. Serikali ya kikoloni ilizifunga shule hizo baada ya kutangaza hali ya hatari mwaka 1952. Iliona kwamba watu wanaoweza kujenga shule bila idhini yake wanaweza pia kudai nchi yao.

Mwaka 1959 Tom Mboya alipowapeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege, wafadhili wa kule, wakiwemo Jackie Robinson na Harry Belafonte, walisaidia kupata pesa za usafiri. Huku nyumbani, familia na majirani walichanga gharama nyingine kwa karamu za chai na mikutano ya vijijini. Hadi mwaka 1963, wanafunzi karibu 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamesafiri kwa mpango huo. Miongoni mwa walioondoka mwaka 1960 alikuwa msichana wa Nyeri aliyekwenda kusomea Kansas. Msichana huyo, Wangari Maathai, alirudi akawa profesa, akaanzisha vuguvugu la kupanda miti, akasimama mbele ya serikali kuitetea bustani ya Uhuru, na mwaka 2004 akatuzwa Nobel ya Amani.

Baada ya uhuru, nafasi katika sekondari za serikali zilikuwa chache na waliofaulu mtihani wa darasa la saba walikuwa wengi. Wananchi hawakungoja. Shule za Harambee zilichipuka kila wilaya, na zikawapokea hasa watoto waliokuwa wameachwa nje, wasichana wakiwa wengi. Mapema miaka ya 1970 hamu hiyo ilipanda hadi vyuo vya ufundi. Nyeri walichangia Taasisi ya Kimathi, Murang'a wakachangia chuo chao, Kisumu wakajenga taasisi ya RIAT, Kakamega wakajenga chuo cha WECO. Leo Kimathi na Murang'a ni vyuo vikuu vya teknolojia, na WECO imekuwa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Kila mwaka maelfu wanavalishwa joho katika vyuo ambavyo mbegu yake ilikuwa mchango wa wakulima na wafanyabiashara wa sokoni.

Bahasha ilipoingia

Sifa hizo zisitufumbe macho. Harambee ina deni la haki ambalo haijalilipa. Maeneo yenye kahawa na chai yalichanga haraka, yakajenga haraka. Turkana, Mandera na Tana River, ambako mali ya mtu ni mifugo inayoweza kuangamizwa na kiangazi kimoja, walichanga walichoweza na wakabaki nyuma. Desturi iliyowainua wengi ikapanua pia pengo kati ya wilaya na wilaya. Hata shule za Harambee zenyewe zilikuwa na upungufu: karo ilikuwa juu kuliko ya shule za serikali, na walimu wenye mafunzo walikuwa haba. Mzazi maskini alilipa zaidi akapata kidogo.

Kisha wakaja wakubwa. Katika enzi ya chama kimoja, mchango wa hiari uligeuka kuwa kodi isiyo na sheria. Machifu walipewa viwango vya kukusanya. Mwananchi aliyefuata huduma katika ofisi ya serikali aliambiwa kwanza aonyeshe risiti ya harambee, na aliyeshindwa kulipa akanyang'anywa kuku au mbuzi. Wanasiasa nao walijifunza kwamba jukwaa la shule ni mahali rahisi pa kununua sifa. Utafiti uliofanywa na tawi la Kenya la shirika la Transparency International mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionyesha kwamba michango ya wanasiasa ilipanda ghafla uchaguzi ulipokaribia. Mwaka 2003 kikosi kazi kilichoongozwa na Koigi wa Wamwere kilichunguza harambee, na mwaka huo huo Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma ikawakataza maafisa kutumia vyeo vyao kuwashurutisha watu kuchanga.

Sheria ilipita, bahasha zikaendelea. Kila tunapoketi chini ya hema tunaona mambo yale yale. Ratiba husimama kwa muda wa saa tatu kumngoja mheshimiwa. Akifika, nusu ya hotuba yake ni ya kumshambulia mpinzani. Hutoa kitita na kukihesabu mbele ya kamera, na umati ukashangilia. Hakuna anayesimama kuuliza pesa hizo zimetoka wapi, ilhali mshahara wake unajulikana. Mkono mtupu haulambwi, na aliyekwisha kulamba mkono hawezi kuuhoji. Kamati iliyopokea milioni kutoka kwa mbunge itapata wapi ujasiri wa kumwuliza kwa nini basari ya eneobunge haikuwafikia mayatima?

Vijana walivyokumbusha taifa

Katikati ya mwaka 2024, vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha, mambo mawili yaliyotokea yanahusu harambee moja kwa moja. La kwanza, walichangishana kwa simu kuwasaidia waliojeruhiwa na familia zilizofiwa, na katika muda mfupi zikapatikana zaidi ya shilingi milioni 30. Hapakuwa na mgeni wa heshima wala jukwaa. Na mara tu pesa zilipopatikana, waliochanga walitaka hesabu itolewe hadharani, kwa ukali ule ule waliotumia kuihoji serikali. Desturi ya babu zao ilikuwa imerudi kwa wenyewe, tofauti ikiwa kwamba meza ya mweka hazina ilikuwa mtandaoni.

La pili, vijana waliuliza viongozi wanatoa wapi mamilioni wanayomwaga kila mwisho wa wiki. Mwezi Julai mwaka huo Rais William Ruto alitangaza kuwapiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki harambee, na mswada wa kudhibiti michango ya umma ukaandaliwa. Novemba, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa pesa ambazo Rais mwenyewe alikuwa ametoa kwa kanisa la mtaa wa Soweto, likasema halitaki madhabahu igeuzwe jukwaa la siasa. Nililiona tendo hilo kuwa la heshima kubwa. Hata hivyo, haikuchukua muda waheshimiwa wakarudi mahemani na mabunda yao. Amri ya mdomo haitoshi kuitakasa desturi hii. Kazi hiyo itafanywa na wale wanaoandaa mikutano yenyewe.

Kamati zianzie hapa

Naziomba kamati za harambee, za shule na za karo, zianze na swali linalorukwa: serikali ilipaswa kulipa nini? Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Serikali iliahidi kulipa shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa. Kabla kadi hazijachapishwa, mwalimu mkuu asimame mbele ya wazazi awasomee fedha zilizofika, lini na kiasi gani. Orodha ya basari iulizwe. Ikibainika kwamba darasa halina paa kwa sababu fedha za umma hazikufika, barua ya madai iandikwe na kutiwa sahihi siku hiyo hiyo ya mchango. Wazazi wakiendelea kujaza pengo kimya kimya, pengo hilo litageuka kuwa desturi.

Mbunge na mwakilishi wa wadi waalikwe, ila waketi kwenye meza ya maswali. Waje na rekodi za fedha wanazosimamia, wasije na bahasha. Dakika wanazopewa za hotuba zigeuzwe kuwa dakika za kujibu, na mwenye kuuliza awe yeyote, hata mwanafunzi. Katika mikutano ya aina hiyo msichana wa kidato cha pili hujifunza kwamba kiongozi anaweza kuulizwa naye akajibu. Somo hilo la uraia halipatikani kwenye kitabu chochote.

Baada ya harambee pawe na mkutano wa pili. Tunajua kukusanyika kuchanga, lakini ni mara chache tunakusanyika kusikiliza hesabu. Katika muda usiozidi mwezi mmoja, wananchi waitwe uwanjani kusomewa kilichopatikana, ahadi zilizotimizwa na ambazo hazikutimizwa, hundi zilizokataliwa na benki, na matumizi yote. Karatasi ya hesabu ibandikwe kwenye ubao wa shule. Aliyetoa shilingi hamsini awe na haki ya kuisoma sawa na aliyetoa laki.

Heshima ya mtoto nayo ilindwe. Si haki kumsimamisha yatima mbele ya umati, umaskini wake ukitangazwa kwa kipaza sauti ili mifuko ifunguke. Vigezo vya kuchagua wanaosaidiwa vitangazwe wazi, na majina ya watoto yabaki kwa kamati. Wala mwanafunzi asirudishwe nyumbani kwa kuwa mzazi wake hakuchanga. Mchango wa lazima ni karo kwa jina lingine, na tulikwisha kuonja uchungu wake enzi za machifu.

Tusisahau majirani wa mbali pia. Katiba iliunda Hazina ya Usawazishaji kwa ajili ya maeneo yaliyosahauliwa, na fedha zake zimekuwa zikicheleweshwa mwaka baada ya mwaka. Wanaochanga Nyeri na Kakamega wana sauti na wabunge wengi. Wakidai fedha za shule za Turkana na Tana River kwa bidii wanayotumia kujenga shule zao, umoja tuliouandika kwenye nembo utakuwa umetendewa kazi.

Baadhi ya wenzangu wanasema harambee ifutwe kabisa, kwa kuwa serikali hujificha nyuma yake. Naielewa hasira yao. Lakini ukiifuta, utakuwa umefunga uwanja mmoja wa umma ambao mama muuza mboga, imamu, mwalimu na kijana wa boda boda hukaa pamoja kuamua jambo la watoto wao. Mwanasiasa atapata jukwaa lingine kesho yake, lakini wananchi hao hawatapata uwanja mwingine upesi. Heri wananchi waichukue tena harambee yao: wachange kwa hiari, wahoji bila woga, na wadai hesabu hadi senti ya mwisho. Jamii iliyozoea kumkagua mweka hazina wa shule haitashindwa kumkagua waziri wa fedha.