Garratt za Bulawayo na mikono iliyozilisha

Nilijifunza ufundi wa boila katika karakana ya reli Nairobi, chini ya injini zetu za mvuke aina ya Garratt, klasi ya 59, zilizochoma mafuta. Zilikuwa kubwa kuliko za kusini. Hata hivyo, Garratt ninayoipenda kupita zote ni klasi ya 15 ya Reli za Rhodesia, iliyochoma makaa na kuvuta treni za abiria.

Beyer, Peacock wa Manchester walianza kuziunda 1940, na hatimaye zikafika 74. Reli ya kule ina upana wa milimita 1,067 tu. Injini ya kawaida hubeba boila juu ya magurudumu yake: ukiirefusha ipate nguvu, kona zinaishinda, ukiipa tanuri pana, magurudumu yanaibana. Herbert William Garratt aliliona jibu. Aliitundika boila katikati, mbele na nyuma akaweka seti mbili za silinda na magurudumu, kila seti ikigeuka kivyake. Chini ya boila hamna gurudumu, basi tanuri linapanuka litakavyo. Uzito wa karibu tani 180 ukagawanywa kwa magurudumu 28, reli isilemewe. Kwangu mimi huo ni ufundi mzuri kupindukia.

Zilivuta treni kutoka Bulawayo hadi Mafeking, karibu kilomita 780, kandokando ya Kalahari, kupitia Francistown na Mahalapye. Magurudumu ya kuvuta yalikuwa na kipenyo cha karibu mita moja na nusu. Ndiyo maana zilikimbia.

Makaa yalitoka Hwange, enzi hizo Wankie. Waafrika ndio walioyachimba, wakazoa majivu na kutandika reli, lakini udereva na ufayamani, yaani kazi ya kulisha tanuri, ulitengwa kwa wazungu. Abiria Mwafrika naye alipangiwa daraja la nne. Oktoba 1945 wafanyakazi Waafrika waligoma Bulawayo wakidai malipo bora, na mgomo ukavuka Zambezi hadi Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Anayezisifu injini hizi bila kuutaja mgomo huo hajaimaliza habari yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa ile ya 1980 nyingi zilikarabatiwa badala ya kutupwa, maana dizeli ilinunuliwa nje, ilhali makaa yalikuwa ya nyumbani. Katika Zimbabwe huru, iliyokuwa Rhodesia ya Kusini, Waafrika waliziendesha wenyewe.