Kumbukumbu za Malipo Zinapofutika Kompyutani: Hurejeshwaje?

Mfanyabiashara hulipa pango la kibanda sokoni, akapewa stakabadhi, kisha mwezi unaofuata akaambiwa kuwa anadaiwa. Huenda kosa si lake wala si la mkusanya ushuru, bali kumbukumbu zimefutika kwenye kompyuta. Mlipaji hustahili kujua zinavyorejeshwa, na kwa nini kazi hiyo haifanywi kwa haraka.

Kumbukumbu za aina hii hutunzwa katika kanzidata ya mahusiano, mfumo ambao misingi yake ilielezwa na Edgar F. Codd mwaka 1970. Ndani yake mna majedwali, mfano wa madaftari yaliyopigwa mistari: moja la wapangaji, jingine la vibanda, jingine la malipo. Daftari la malipo halirudii jina la mlipaji. Huandika namba yake tu, nayo namba huelekeza kwenye daftari la wapangaji.

Tuseme nakala rudufu ya kanzidata nzima ilitengenezwa saa sita usiku. Saa nane mchana mtumishi anakusudia kufuta malipo ya kibanda kimoja yaliyoandikwa mara mbili, lakini amri yake haikutaja kibanda, na malipo ya soko zima yanatoweka. Wazo la kwanza ni kuirejesha nakala yote juu ya kanzidata iliyopo. Hapo ndipo hasara ya pili huzaliwa, kwa maana kila jedwali litarudi lilivyokuwa usiku. Leseni zilizotolewa asubuhi na wapangaji waliosajiliwa siku hiyo watafutika pia, ingawa taarifa zao hazikuwa na kasoro yoyote.

Njia iliyo salama ni kuifungua nakala pembeni, katika kanzidata tupu isiyotumiwa na mtu, na kuchukua humo jedwali linalohitajika peke yake. Programu huria ya PostgreSQL, kwa mfano, ina zana iitwayo pg_restore ambayo hutajiwa jina la jedwali na kulitoa hilo tu. Zana hiyo, hata hivyo, haishughuliki na majedwali mengine ambayo jedwali hilo huyategemea. Iwapo mpangaji aliondolewa kwenye orodha asubuhi, malipo yake ya zamani yataelekeza kwa mtu asiyekuwapo, na kanzidata iliyowekewa masharti ya uhusiano itayakataa. Ndiyo maana fundi hulinganisha kwanza mistari ya nakala na ile iliyobaki, kisha huingiza iliyopungua tu. Kulinganisha huko ndiko kunakokula muda, na si vyema kumharakisha.

Bado liko pengo la kati ya saa sita usiku na saa nane mchana. Kanzidata iliyopangwa kuhifadhi pia kumbukumbu ya kila badiliko huweza kurudishwa, huko huko pembeni, hadi dakika iliyotangulia kosa. Isipopangwa hivyo, malipo ya asubuhi hayamo katika nakala yoyote, na ushahidi pekee unaweza kuwa ile stakabadhi iliyo mkononi mwa mlipaji. Stakabadhi nyingi za mashine huchapwa kwenye karatasi inayofifia kwa joto na jua. Itolee kopi mapema. Ukiambiwa unadaiwa ilhali umelipa, ifikishe kwa mtendaji wa kata pamoja na namba ya kibanda, na usimwachie mtu stakabadhi halisi.