Unene na Mishipa ya Figo (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi figo inavyosafisha damu. Leo tuingie kwenye mishipa yake midogo kabisa, kwani huko ndiko unene uliopitiliza huanza kuharibu, miaka mingi kabla mgonjwa hajahisi lolote.

Kila figo ina vichujio vipatavyo milioni moja, na kila kichujio ni fundo la mishipa myembamba sana, yaani kapilari. Figo zote mbili huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kwa siku, kisha karibu yote hurudishwa mwilini. Mwili ukinenepa, kazi hiyo huongezeka, lakini vichujio haviongezeki. Tunazaliwa navyo, na kadiri umri unavyosonga hupungua tu. Basi kila kimoja hubebeshwa mzigo zaidi: mshipa unaokiletea damu hutanuka, presha ndani yake hupanda, na fundo zima huvimba. Seli zinazolishikilia fundo hilo kwa nje, podosaiti, hazina uwezo wa kuzaliana upya ipasavyo. Zikivutwa kupita kiasi hubanduka na kutoka na mkojo, na pale zilipokuwa hujengeka kovu. Hapo ndipo protini huanza kuvuja. Tangu mwaka 1974 madaktari wameandika juu ya protini nyingi kwenye mkojo wa watu wanene sana.

Mafuta nayo hayakai kimya. Hutoa kemikali zinazochochea uvimbe, pamoja na malighafi ya anjiotensini, homoni inayobana mishipa na kupandisha shinikizo la damu. Mengine hurundikana ndani ya figo yenyewe na kuibana mishipa. Kapilari zikipungua, tishu hukosa oksijeni, na kovu huzidi kuenea.

Je, mishipa iliyokwisha kuharibika yaweza kufufuliwa? Tumaini moja liko kwenye seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, na jambo la kushangaza ni kwamba nyingi huvunwa kwenye mafuta ya tumbo. Seli hizi hazigeuki kuwa figo mpya. Hutoa vifuko vidogo mno vyenye ujumbe wa kemikali unaotuliza uvimbe na kuhimiza kapilari kuchipua. Mwaka 2017 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 14 ambao mshipa mkuu wa figo ulikuwa umezibwa na mafuta. Kila mmoja alirudishiwa seli zake mwenyewe kupitia mshipa huo, na miezi mitatu baadaye damu ilikuwa ikipita vizuri zaidi kwenye figo hiyo.

Ni wachache, na tiba hiyo bado ni ya utafiti. Anayeuziwa sindano ya seli shina leo kama dawa ya figo anauziwa kitu ambacho hakijathibitishwa, na hilo naliandika kwa uchungu, maana wagonjwa wa figo huuza hata mashamba.

Lipo tatizo jingine, nalo kwangu ndilo kiini cha mjadala wote. Seli zilizovunwa kwa mtu mnene huwa zimechoka: huzeeka mapema, mitokondria zake, yaani vinu vyake vya nishati, ni dhaifu, na baadhi hutoa kemikali zilezile za uvimbe. Unene unaoiumiza figo huidhoofisha pia dawa inayotarajiwa kuiponya. Ndiyo maana maabara kadhaa sasa zinajaribu kwanza kuzihuisha mitokondria hizo.

Wiki ijayo: kipimo cha albumini kwenye mkojo, na dawa zilizokwisha kuthibitishwa.