Msako wa Vituo: Somo la Vipimo Nje ya Darasa

Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kwamba kila mahali duniani huweza kutajwa kwa namba mbili, yaani latitudo na longitudo. Huzikariri na kuziandika katika mtihani. Lakini akipewa namba hizo na kuambiwa autafute mti mmoja ulio nyuma ya shule yake, mara nyingi hajui aanzie wapi. Msako wa vituo ni njia mojawapo ya kuziba pengo hilo.

Chanzo cha msako

Mwanzoni mwa Mei 2000, Serikali ya Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya setilaiti za GPS yaliyotumiwa na raia. Kosa la vipimo, lililoweza kufikia mita 100, likapungua sana. Tarehe 3 Mei, Dave Ulmer alificha ndoo yenye vitabu na vitu vingine katika jimbo la Oregon, akatangaza namba za mahali hapo ili watu waitafute. Mchezo huo ukaenea duniani, na walimu wakaufanya kuwa somo.

Jinsi chombo kifanyavyo kazi

Setilaiti hizo huzunguka kiasi cha kilometa 20,200 juu ya Dunia, na kila moja hutuma mawimbi yanayotaja wakati yalipotoka. Chombo cha kupokea, kama vile simu, hukadiria umbali kutokana na muda wa safari ya mawimbi. Kwa kuwa mawimbi huenda kilometa 300,000 kwa sekunde, kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde huleta kosa la mita 300. Saa ya simu haiwezi kuaminika kiasi hicho. Kwa hiyo mambo yasiyojulikana ni manne: latitudo, longitudo, kimo na kosa la saa, nazo setilaiti zinazohitajika ni nne, mfano wa milinganyo minne ya hesabu. Kazi hii haihitaji intaneti.

Matayarisho

Mwalimu huchagua vituo vitano au sita katika eneo la shule, mbali na barabara, mito na visima, na huomba ruhusa panapohusika. Hapana haja ya kufukia kitu chochote. Kila kituo hupewa swali ambalo haliwezi kujibiwa bila kufika: kupata kimo cha mti kwa kulinganisha kivuli chake na kivuli cha kijiti cha mita moja, kupima kina cha korongo lililochimbwa na mvua, au kusoma kwa dira uelekeo wa mlima unaoonekana.

Kundi la wanafunzi wanne latosha: msomaji wa chombo, mshika dira, mpimaji na mwandishi. Kazi hizi zibadilishwe katika kila kituo, na alama zitolewe kwa usahihi wa vipimo. Zikitolewa kwa mbio, wenye miguu myepesi huwaacha wenzao nyuma, na somo hupotea. Pale ambapo wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu, mwalimu hutoa uelekeo na umbali, nao hutumia dira na hatua walizokwisha kuzipima.

Kosa lifundishwe

Karibu na ikweta, kama ilivyo Kenya na Tanzania, nyuzi 0.0001 za latitudo ni kama mita 11, na za longitudo karibu sawa. Simu ionyeshayo tarakimu tano baada ya nukta yaonekana kupima kwa mita moja. Kumbe mahali peupe kosa lake la kawaida ni mita tano hivi, na huzidi chini ya miti au kando ya kuta.

Baada ya msako, makundi yote yaandike ubaoni namba yalizosoma katika kituo kimoja, kisha yazichore katika karatasi ya grafu. Nukta zitatawanyika. Hapo wanafunzi waulizwe ni nukta ipi ya kweli, kwa nini zimetofautiana, na ni tarakimu ngapi zinazostahili kuandikwa katika jibu.