Mama anyonyeshee wapi wakati wa ibada?

Tuanze kwa kukiri. Kwa miaka mingi katika parokia yetu, mtoto alipolia wakati wa mahubiri, ndugu wa protokole alimgusa mama begani na kumwonyesha mlango. Sisi wachungaji tuliona huo ni utaratibu. Mama alikwenda kunyonyeshea nyuma ya kanisa, karibu na choo, mvua ikinyesha au jua likiwaka. Jumapili moja tulimkuta mama akimpa mtoto wa miezi 2 maji kwa chupa, katikati ya ibada. Tulipomwuliza alijibu: "Pasta, ni ili anyamaze, wasinitoe tena."

Jibu hilo lilituchoma. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya kwanza, bila hata maji, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula mpaka miaka 2 au zaidi. Maziwa ya mama yenyewe sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo hata kwenye joto yanamtosha. Maji ya chupa yanajaza tumbo dogo bila kulisha, na yasipokuwa safi yanaleta kuhara. Basi sheria yetu ya ukimya ilikuwa inamdhuru mtoto.

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 mpaka 12 kwa siku, usiku na mchana. Ibada zetu za saa tatu (na tunajua nyingine zinapita hapo) haziwezi kuisha bila yeye kusikia njaa. Lakini kulia ni dalili ya mwisho. Kabla ya hapo anageuza kichwa akitafuta, anafungua kinywa, anakula vidole. Mama akimweka kwenye titi wakati huo, jirani yake hata hatambui. Akingoja kwa kuogopa macho ya watu, mtoto analia, na mtoto anayelia hashiki titi vizuri.

Wamama wazoefu wanatufundisha mengine. Ile nguo ya Jumapili yenye zipu mgongoni ni nzuri kwa picha, lakini kwa anayenyonyesha ni taabu. Libaya inayofunguka mbele, na kikwembe begani, vinatosha. Kikwembe kifunike kifua cha mama, kisizibe pua ya mtoto. Mama akae penye kuegemea, amlete mtoto kwenye titi badala ya kumwinamia, tumbo la mtoto likigusa lake, kinywa kikiwa wazi kabisa, kidevu kwenye titi. Akisikia maumivu, amtoe kwa kidole taratibu na kuanza tena. Mama wa mtoto wa kwanza ajaribu haya nyumbani kwanza, mbele ya dada au mama mkwe.

Wengine watasema ni aibu. Tunauliza: aibu hiyo ilitoka wapi? Sokoni Kadutu mama anapima unga huku mtoto ananyonya, na hakuna anayegeuka. Katika Yoeli 2:16, kusanyiko takatifu linapoitwa, wazee wanaitwa, na wanaonyonya pia wanaitwa. Wataitikaje bila titi? Naye Hana alibaki nyumbani na Samweli mpaka alipomwachisha, lakini kwa kupenda mwenyewe na kwa kupatana na mume wake. Hakuna aliyemfukuza Shilo. Na wamama waliokimbia vita, wanaolala katika majumba ya makanisa yetu, hawana chumba cha kujificha hata wakikitaka.

Sasa tumeweka benchi mbili zenye mgongo kando ya ukuta, ndani, mahali sauti inafika. Anayetaka anakaa hapo, asiyetaka anabaki na kwaya yake. Kuna bidoni ya maji ya kunywa, maana kunyonyesha kunaleta kiu. Wababa tumewaomba wawashike watoto wakubwa. Wengine bado wanasitasita. Protokole naye amepewa kazi nyingine: mama akiingia na mtoto mgongoni, amtafutie nafasi.